Buji Isiyokufa Upesi

Katika ukurasa huu wa masomo, sisi wa kalasi ya tano ya Sayansi pamoja na mwalimu wetu wa fizika tunawaletea kazi tuliyoifanya tangu mwezi wa pili mpaka mwezi wa tano. Kazi hii haikutoka katika kitabu. Ilitoka njiani, katika njia ya Kabambare.

Mmoja wetu ni mwenyeji wa upande ule. Wakati wa likizo ya Noeli shemeji yake alishikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto alikaa vibaya tumboni. Mkunga akasema lazima mama apelekwe hospitali, huku Kasongo. Wakampandisha juu ya pikipiki, katikati ya motari na mama mkwe wake, wakaondoka asubuhi. Njia ile mnaijua: zaidi ya kilometa 100, matope, vijito, miti iliyoanguka. Kabla ya kufika nusu ya safari, motere ilianza kukohoa, kisha ikanyamaza kabisa. Motari alifungua buji, akaikuta nyeusi na yenye kulowa. Hakuwa na nyingine. Akaikwangua kwa kisu, akaipangusa kwa shati lake, akaichoma juu ya moto wa majani. Zaidi ya saa moja na nusu ilipita ndipo motere ikawaka, na mbele kidogo ikazimika tena. Walifika usiku. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Hatusemi kwamba ni buji iliyomwua mtoto. Pengine hata wangefika mapema isingewezekana. Lakini mwenzetu aliporudi shuleni, alikuwa na ile buji mfukoni, kwa maana motari alikwisha kununua nyingine akaitupa. Akaiweka juu ya meza ya mwalimu na kuuliza: «Mwalimu, watu wamefika mwezini. Juu ya nini hawatengenezi buji isiyokufa?»

Mwalimu aliitazama buji, hakujibu upesi. Kisha akasema: «Basi, tuitengeneze sisi wenyewe katika karatasi. Tuone itatushinda wapi.»

KAZI YA BUJI

Wenzetu wa Tanzania wanaiita plagi. Sisi tumefuata Wafaransa, na kwao neno hilo ni mshumaa pia. Jina si baya: ni mshumaa unaowashwa na kuzimwa mara nyingi kwa dakika moja. Katika motere ya esanse, pistoni inabana hewa iliyochanganywa na mvuke wa esanse. Pale juu ya silindri buji inarusha cheche, mchanganyiko unawaka, pistoni inasukumwa chini. Bila cheche hakuna kitu. Malori ya mazuti hayana buji, kwa sababu yanabana hewa kwa nguvu sana hata inapata moto wa kutosha kuwasha mafuta yenyewe. Ndiyo maana dereva wa lori hajui taabu hii. Yeye ana taabu zake nyingine.

Ukiikata buji katikati utaona vitu vichache tu. Katikati kuna ufito wa chuma, ni elektrode ya kati. Kuizunguka kuna porselini nyeupe inayouzuia umeme usitoroke. Nje kuna ganda la chuma lenye vyuzi, na chini ya ganda kuna kijino kilichopinda, ni elektrode ya pili. Kati ya elektrode hizo mbili kuna mwanya mdogo, katika pikipiki nyingi ni 0,6 mpaka 0,8 mm. Umeme unapanda mpaka volte 10.000 na zaidi, hata 20.000, ndipo unaruka ule mwanya.

Mfaransa aliyekuwa na asili ya Ubelgiji, Lenoir, alitumia cheche ya umeme ndani ya motere yake tangu 1860. Lakini buji pamoja na mashini ya kuipa umeme wa nguvu kwa uhakika ilitoka kwa Gottlob Honold, mtu wa Robert Bosch, huko Ujerumani mwaka 1902. Mwaka uleule ndio iliundwa kampuni ya CFL iliyojenga reli ya Kindu mpaka Kongolo. Magari-moshi yale yalikula kuni na kuendeshwa na mvuke, hayakuomba buji hata moja.

TULIHESABU CHECHE

Kwanza tulitaka kujua buji inafanya kazi kiasi gani. Tulichukua gurupe ya umeme ya shule, ile ndogo inayowasha taa za kujifunzia jioni na kinanda cha kwaya. Ni motere ya mapigo mawili, ni kusema kila mzunguko mmoja inatoa cheche moja. Inazunguka mara 3.000 kwa dakika. Jioni moja ya saa nne ni cheche 720.000. Tulirudia hesabu mara tatu kwa sababu hatukusadiki.

Kila cheche inakula chuma kidogo sana, kidogo hata jicho halioni. Lakini kidogo mara 720.000 kila jioni ni kitu. Elektrode inapungua, pembe zake zilizokuwa kali zinakuwa mviringo, mwanya unapanuka. Na umeme, kama tulivyojifunza katika somo la radi, unapenda kutoka kwenye ncha kali kuliko kwenye kitu cha mviringo. Kwa hiyo buji iliyozeeka inadai volte nyingi zaidi, na bobini ikishindwa kuzitoa, motere inakohoa. Hiki ndicho kifo cha uzee wa buji.

Basi kundi la kwanza kati yetu likasema: dawa ni rahisi, tuweke elektrode nene. Mnene hachakai upesi. Mwalimu akawauliza kama wamewahi kuwasha kiberiti na kukibandika palepale juu ya bamba la chuma baridi. Ule moto mdogo unaozaliwa katika mwanya ni kama mtoto mchanga: ukizungukwa na chuma kingi, chuma kinanyonya joto lake, nao unakufa kabla haujakua. Tena elektrode nene haina ncha, inadai volte nyingi. Kundi la kwanza likakaa chini.

MADINI YA KWETU

Kundi la pili lilifikiri vizuri zaidi. Walisema: tusiongeze unene, tubadilishe chuma. Na hapa palikuwa na furaha kubwa, kwa sababu Maniema yetu ni nchi ya madini. Mwenzetu mmoja wa Salamabila alipendekeza dhahabu ya Namoya. Mwingine alitaja kasiterite ya Kalima, ambayo ndani yake mna bati. Wengine walitaja wolframu na koltani, ambazo zinatoa tungsteni na tantali. Tulifungua kitabu cha kemia tukaandika ubaoni joto ambalo kila chuma kinayeyuka:

Bati 232 °C. Dhahabu 1064 °C. Nikeli 1455 °C. Chuma cha kawaida 1538 °C. Platini 1768 °C. Iridiamu 2446 °C. Tantali 3017 °C. Tungsteni 3422 °C.

Bati tulilifuta palepale kwa kicheko. Dhahabu ilikaa kidogo, kwa heshima ya Kabambare. Haipati kutu hata siku moja, lakini peke yake ni laini na inayeyuka mapema. Kulikuwa na fabrika zilizouza buji zenye elektrode ya dhahabu iliyochanganywa na paladiamu, kwa pikipiki za mashindano. Ni kusema wazo la mwenzetu halikuwa la mchezo.

Lakini tungsteni! Digrii 3422, na inachimbwa katika jimbo letu. Kundi la pili lilikuwa tayari kuandika barua kwa fabrika. Mwalimu akaleta globu ya taa ya zamani, ya aina ile yenye uzi ndani, ambayo kioo chake kilikuwa kimepasuka kidogo. Uzi ule ni tungsteni. Akaunganisha na gurupe. Uzi ukang'aa kitambo kidogo, moshi ukatoka, ukakatika, na kandokando ya kioo tukaona unga wa rangi ya manjano-nyeupe. Katika globu nzima uzi unadumu kwa sababu hakuna hewa ndani. Ukiwa na joto kali penye hewa, tungsteni inashikwa na oksijeni na kugeuka unga. Tantali nayo ni vilevile. Na ndani ya silindri mna hewa, mna joto, kila mzunguko.

Kumbe kuyeyuka si neno la mwisho. Hata chuma cha kawaida kinayeyuka baada ya nikeli, lakini fabrika zinachagua nikeli kwa sababu chuma kinaliwa na kutu ya moto. Elektrode ya buji za kawaida ni nikeli iliyochanganywa na kidogo cha kromu, manganezi na silikoni. Ndani ya elektrode ya kati wanaweka shaba ili ipeleke joto nje.

(Hapa kuna jambo la kuchekesha. Mafundi wa mjini bado wanasema «visi platine» kwa zile ncha mbili zinazofungua na kufunga umeme katika magari ya zamani. Neno hilo linataja platini. Lakini kwa miaka mingi ncha zile zilikuwa za tungsteni. Zenyewe haziko ndani ya silindri, kwa hiyo tungsteni inafaa pale. Jina limebaki la mfalme aliyeondoka.)

Wakubwa wa dunia walifika wapi? Walifika kwenye platini na iridiamu. Katika miaka ya 1990 fabrika ya Denso ya Ujapani ilitoa buji yenye ncha ya iridiamu ya 0,4 mm, nyembamba kama risasi ya kalamu. Ncha nyembamba inapenda cheche, haizimi moto mchanga, na iridiamu, ikichanganywa na kidogo cha rodiamu isiliwe na oksijeni, haichakai upesi. Katika magari buji za namna hiyo zinaweza kufika kilometa 100.000. Iridiamu nyingi ya dunia inatoka Afrika ya Kusini, inachimbwa pamoja na platini, na bei yake ni kali.

Basi kundi la pili likasema: kazi imekwisha. Buji isiyokufa iko, ni ya iridiamu. Kilichobaki ni falanga.

BUJI ILIYO JUU YA MEZA

Hapo mwenzetu wa njia ya Kabambare, ambaye hakuwa amesema neno siku nyingi, aliinuka akasema: «Lakini hamjaitazama buji yangu.»

Ni kweli. Majuma mawili tulizungumza juu ya buji zote za dunia, isipokuwa ile moja. Tukaichukua. Tuliazima kipimo cha mwanya kwa fundi mmoja mzee wa sokoni, tukapima: 0,7 mm. Pembe za elektrode bado kali. Vyuzi vizuri. Buji ile haikufa kwa uzee, ilikuwa bado kijana! Iridiamu ingeifaa nini?

Ilikuwa imefunikwa masizi mpaka ndani. Masizi ni kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Vunjeni jiwe la tochi mtaona kile kijiti cheusi cha katikati, kazi yake ni hiyo. Porselini safi inauzuia umeme. Porselini iliyopakwa masizi ni kama daraja: umeme unapita juu yake polepole mpaka kwenye ganda, hauruki mwanya. Fikirini mama anayejaza mtungi uliotoboka. Mtungi lazima ujae mpaka ukingoni ndipo maji yamwagike upande anaotaka. Tundu likiwa dogo, unajaa kwa shida. Tundu likiwa kubwa haujai kamwe, hata achote namna gani. Volte za bobini ndiyo maji, masizi ndiyo tundu.

Fundi yule mzee alituambia kwamba taabu ni plombe iliyo katika esanse. Tunamheshimu, na zamani alikuwa na haki: plombe ilitiwa katika esanse tangu miaka ya 1920, nayo iliacha uchafu juu ya porselini. Lakini nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha mwanzoni mwa 2006. Uchafu wetu ulikuwa mweusi na laini, ukitoka kwa kidole. Ni masizi tu, na mafuta kidogo.

Tulipata somo jingine ambalo hatukulitafuta. Fundi aliifunga buji yetu kwenye waya wa pikipiki yake, akaishikiza kwenye silindri kwa nje, akapiga kiki. Cheche ikaonekana! Tukasema, mbona ni nzima? Akaifunga ndani: motere haikuwaka. Akaitoa tena: cheche. Wengine walianza kunong'ona mambo ya uchawi.

Si uchawi. Huko nje hewa ni ya kawaida, na mwanya wa 0,7 mm unadai volte elfu tatu hivi. Ndani ya silindri hewa imebanwa, na kadiri hewa inavyobanwa ndivyo umeme unavyoshindwa kuruka. Mjerumani Paschen aliandika kanuni ya jambo hili mwaka 1889. Kwa hiyo mtungi uliotoboka ulifika volte elfu tatu, haukufika volte zilizotakiwa ndani. Motari akiona cheche nje asiseme kwa haraka «buji ni nzima, shida ni karbiratere», akaanza kufungua vitu vingine porini.

NAMBA ILIYOANDIKWA

Sasa, masizi yalitoka wapi? Tulisafisha buji kwa esanse na mswaki mkuukuu, tukaiacha ikauke juani. (Msitumie burashi ya nyaya za chuma juu ya porselini: nyaya zinaacha mistari ya chuma, na chuma ni daraja baya kuliko masizi. Kuichoma motoni nako kunaweza kuipasua.) Namba yake ikasomeka. Mwenzetu alikuwa amemwomba motari kitabu cha pikipiki, kile kinachokaa siku zote ndani ya mfuko wa plastiki na hakuna anayekisoma. Namba haikuwa ileile.

Hapa tuwaombe wasomaji wavumilie kidogo, maana ndipo penye jibu.

Ncha ya porselini iliyo ndani ya silindri lazima iwe na joto la kadiri. Ikifika 450 °C hivi, masizi yanayoigusa yanaungua, buji inajisafisha yenyewe kama sufuria inayoachwa juu ya moto. Ikizidi 850 °C hivi, ni hatari: ncha inawasha esanse kabla ya wakati, na pistoni inaweza kutoboka. Kati ya namba hizo mbili ndipo buji inapoishi. Wenye fabrika wanarekebisha jambo hili kwa urefu wa ile ncha ya porselini. Ncha ndefu inatoa joto lake polepole, inabaki ya moto. Wanaiita buji ya moto. Ncha fupi inalitoa upesi kwenye ganda. Wanaiita buji ya baridi. Buji ya baridi inafaa motere inayokimbia sana na kupata moto mwingi. Buji ya moto inafaa motere inayokwenda polepole.

Namba inaonyesha kadiri hiyo, lakini hapa fabrika hazikupatana. Kwa NGK na Denso, namba ikiwa kubwa buji ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion, namba ikiwa kubwa buji ni ya moto zaidi. Mtu anayechanganya fabrika mbili bila kujua anaweza kwenda kinyume kabisa. Sokoni wengi wanapima vyuzi tu: ikiingia, inafaa.

Buji ya mwenzetu iliingia. Lakini ilikuwa ya baridi kuliko ile ya kitabuni kwa hatua mbili. Ilikuwa buji ya pikipiki ya mbio, imefungwa katika pikipiki inayobeba watu watatu ndani ya matope, kwa vitesi vya chini, mwendo wa mguu. Ncha yake haikufika joto la kuunguza masizi. Filtere ya hewa nayo, motari alisema, ilikuwa imejaa vumbi la kiangazi na haikuoshwa. Hewa ikipungua, esanse inazidi, masizi yanazidi.

Tulimrudishia fundi ile buji iliyosafishwa, akaifunga katika pikipiki yake. Motere ikawaka kwa kiki ya kwanza. Akazunguka nayo mjini mpaka jioni.

Kumbe haikuwa imekufa. Mwenzetu alisimama pale akiisikia motere inavyolia vizuri, kisha akaenda kukaa peke yake chini ya mwembe. Hatukumfuata.

BUJI YETU YA KARATASI

Kundi la tatu, ambalo yeye alijiunga nalo, ndilo lililochora buji ambayo mwalimu aliikubali. Tuliibandika ukutani mwa kalasi, njooni kuiona. Haina iridiamu. Elektrode yake ni nikeli ya kawaida, maana kwetu buji nyingi hazifiki uzee. Ncha ya porselini ni ndefu kidogo, na nafasi kati yake na ganda ni pana, ili masizi yawe na safari ndefu kabla ya kujenga daraja. Kijino si kimoja juu. Ni viwili vya kando, vinaitazama elektrode ya kati karibu na ukingo wa porselini, ili cheche ipite juu ya porselini yenyewe na kuyaunguza masizi. Buji za namna hii ziko duniani, hatukuzivumbua sisi. Vijino viwili havitoi cheche mbili kwa pamoja, kama wengine walivyofikiri. Cheche inachagua njia rahisi, leo huku, kesho kule, kwa hiyo vijino vinachakaa kwa zamu.

Jambo tulilolipenda zaidi lilikuwa jingine: buji inayofunguka. Ganda lifunguliwe kwa ufunguo, porselini itoke nzima, ioshwe mpaka ndani kabisa mahali ambapo mswaki haufiki, ifungwe tena. Tulidhani ni wazo letu. Mwalimu akatuambia kwamba buji za kufunguka zilikuwako zamani, mwanzoni mwa karne ya 20, hata katika ndege. Ziliachwa kwa sababu chuma na porselini havipanuki sawasawa vikipata moto, na gesi ilivuja pale kwenye kiungo. Tena siku hizo porselini ilipasuka mara kwa mara. Ni katika miaka ya 1930 ndipo walianza kutumia alumina, ambayo ni ngumu sana, na buji ya kipande kimoja ikashinda. Sisi bado tunaona kwamba kwa njia zetu, buji ya kufunguka inastahili kufikiriwa upya. Mwalimu hakubali. Bishano linaendelea.

Na gurupe ya shule? Hiyo ilitupa jibu bila kuchora kitu. Motere ya mapigo mawili inakunywa mafuta pamoja na esanse, na bamba lake linasema sehemu moja ya mafuta kwa sehemu 50 za esanse, ni kusema mililita 20 kwa lita moja. Mlinzi wetu alikuwa anamimina kwa macho, na kwa moyo mwema aliongeza, akisema mafuta hayaui motere. Ni kweli hayaui motere, yanaua buji. Tuliomba bomba la sindano lisilo na sindano, tukamwonyesha alama ya 20. Zamani alisafisha buji karibu kila siku ya tatu. Tangu mwezi wa tatu mpaka tunapoandika, ameifungua mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo ni sisi tulimwomba ili tuitazame. Rangi yake ilikuwa ya kahawia, kama biskuti. Hiyo ndiyo rangi ya buji yenye afya. Nyeusi kavu ni esanse nyingi au filtere chafu. Nyeusi yenye kulowa ni mafuta. Nyeupe kama chokaa ni moto kupita kiasi, na hapo simameni haraka kuliko katika nyeusi.

Motari wa njia ya Kabambare alipita shuleni katika mwezi wa nne, ameleta wagonjwa wengine. Tulimwonyesha namba katika kitabu chake, akaiandika kwa kalamu juu ya tangi. Sasa anatembea na buji mbili, moja iko ndani ya kitambaa kikavu pamoja na ufunguo wake. Ile ya zamani, fundi mzee aliturudishia. Iko katika dirisha la laboratuari.

ZOEZI

1. Pikipiki ya mapigo manne inazunguka mara 4.000 kwa dakika. Bobini yake inatoa cheche kila mzunguko, ingawa esanse inawaka mara moja tu kwa mizunguko miwili. Katika safari ya saa sita, buji ilirusha cheche ngapi, na ngapi kati yake zilikuwa za bure?

2. Mlinzi ana bidoni ya lita 5 za esanse. Amimine mililita ngapi za mafuta kwa kipimo cha 1 kwa 50? Akimimina kikombe cha mililita 200, amezidisha mara ngapi?

3. Unapewa buji ya NGK yenye namba 8 mahali pa NGK yenye namba 6. Vyuzi ni sawa. Je, ni ya moto zaidi au ya baridi zaidi? Eleza itakavyokuwa katika matope ya mwezi wa nne.

Majibu yaletwe katika kalasi ya tano ya Sayansi kabla ya siku ya posho. Wa kalasi za chini wanaweza kujibu la 2 peke yake.